Siku Niliyoomba Punguzo Kwenye Arobaini

Jamani, kuna aibu za kusimulia ukicheka na kuna aibu za kusimulia ukiwa umeangalia chini, na hii yangu sijajua bado iko kundi gani, maana nikifika katikati huwa nacheka mwenyewe na nikifika mwisho huwa natafuta pa kuweka uso. Mke wangu amenikataza kuisimulia mbele ya wageni. Lakini nyie si wageni, na isitoshe mmeshaisikia nusunusu kutoka kwa Tumaini wa mapokezi, ambaye huwa anaongeza chumvi (eti nililia, sikulia, lilikuwa jasho), kwa hiyo bora muipate kwa mwenyewe, Gaspa wa masjala, mkazi wa Misugusugu, mtu mzima mwenye mke na watoto na akili zake zote, au tuseme nilidhani ninazo zote.

Ugonjwa wangu mnaujua. Mimi ni mtu wa santuri, kanda na vitabu vilivyopita mikononi mwa watu wengine kwanza. Mshahara ukitoka wenzangu wanafikiria simu mpya, mimi nafikiria mnada, nani kashusha gunia la vitabu, nani kahama nyumba akatupa boksi la kanda. Nikipata santuri ya dansi la zamani ikiwa na ganda lake, hata kama ganda limeliwa na mende, siku hiyo nalala nikitabasamu na mke wangu anageukia ukutani. Kama ingeishia hapo isingemdhuru mtu. Tatizo ni kwamba nilikuwa na mdomo. Vijana wa ofisini kwetu pale Kibaha wanapenda singeli na Bongo Fleva, kama nchi nzima inavyopenda, na mimi sikuwaacha wapende kwa amani. Singeli nilikuwa naiita muziki wa watu wanaokimbizwa na mbwa. Redio nilishaacha kuisikiliza, nasema imejaa kelele na matangazo ya dawa za nguvu. Nilikuwa nakaa masjala na spika zangu za masikioni, tarumbeta za wazee zinalia humo ndani, dunia inapita nje.

Shikeni hilo la redio, nitalirudia.

Sasa, bosi wetu anaitwa Bi Zuhura, mama mstaarabu, Mzaramo wa Msimbu kule Kisarawe. Baba yake, Mzee Shomari, alifariki wakati mimi niko likizo, kwa hiyo mazishi sikwenda na nyumba yao sikuwa naijua. Ilipofika arobaini, ofisi ikakodi coaster, tukachanga mchele, sukari na soda, tukasema twende wote tukamshike mkono bosi. Wiki hiyo nzima wenzangu walikuwa wakizungumza kuhusu tangazo fulani la redioni lililotoka kwenye familia ya Bi Zuhura. Mimi niliona midomo inachezacheza. Tumaini alinigeukia akasema kitu kirefu sana, nami, kwa kuwa tarumbeta ilikuwa imefika mahali patamu, nikatikisa kichwa kukubali, kisha nikaendelea kupanga mafaili.

Jumamosi tukapanda coaster, na kabla hata hatujatoka Kibaha dereva akafungulia singeli. Nikavumilia. Nikaweka spika zangu masikioni, singeli ikapita katikati yake. Nikamwomba dereva apunguze, gari zima likazomea, Tumaini akasema, "Kaka Gaspa, leo uko kwenye nchi ya walio wengi, tulia." Tulipofika Kisarawe mjini gari likasimama, watu wakashuka kununua nazi na maji, na hapo ndipo nilipoamua jambo dogo ambalo mpaka leo nalijutia. Nikawaambia, "Mimi natangulia na bodaboda, tutakutana hukohuko, siwezi kuingia msibani masikio yakiwa yamevimba." Tumaini akanielekeza: ukipita zahanati utaona nyumba yenye turubai. Nikasema sawa, nyumba yenye turubai.

Tukaenda na kijana wa bodaboda, njia ya vumbi, mikorosho huku na huku, kimya cha raha. Zahanati tukaipita. Turubai silioni. Ninachokiona, upande wa kushoto, mbele ya nyumba moja ya bati karibu kabisa na barabara, ni mikeka imetandikwa chini, na juu ya mikeka kuna makoti, kanzu, viatu, redio ya mbao, taa ya chemli, vitabu vimepangwa mgongo juu, na pembeni, Mungu wangu, boksi la santuri. Boksi zima. Pembeni yake gramafoni ya sanduku, ile ya kukunja. Wazee wachache wamekaa kwenye benchi, akinamama wamekaa kwenye mkeka wao. Nikamwambia kijana simama, nikamlipa, nikamwambia nenda, nyumba ninayokwenda haiwezi kuwa mbali, nitatembea.

Nyie mniulize, hukuona ni nini? Sikuona. Mtu mwenye njaa haoni sahani ni ya nani. Mnadani Kibaha vitu hutandazwa hivyohivyo, chini, makoti huku, viatu kule, mwenye mali amekaa kwenye benchi anajipepea. Kwetu Tabora vitu vya marehemu hugawiwa ndani, milango imefungwa, wanaukoo peke yao. Sikujua kwamba familia hii ilipanga kuvitoa nje asubuhi hiyo, ndugu wakusanyike, kila mmoja achukue cha kumkumbukia mzee, kabla wageni wa dua hawajafika. Turubai lilikuwepo, lilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Na masufuria pia, na watu pia. Mimi nilisimama mbele.

Nikawasalimia vizuri, sikukosa adabu hiyo. "Shikamooni wazee." Wakaitikia marahaba. Nikachuchumaa moja kwa moja kwenye boksi, sikuangalia koti wala kiatu, nikaanza kuvuta santuri mojamoja, nazigeuza kwenye mwanga kuangalia mikwaruzo, nabetua midomo. Benchi likawa kimya. Nikajua wananipima, wauzaji wote hupima, kwa hiyo nikajikaza nisioneshe furaha, nikakunja uso nikasema, "Mzee, hizi zimekwaruzika sana. Mwenyewe hakuwa anazijali."

Mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kiua, ambaye baadaye nilijua ni Mzee Kondo, mdogo wake marehemu, akanitazama muda, akasema taratibu, "Mwenyewe alikuwa anazijali kuliko watoto."

"Basi hakujua kuzitunza," nikasema. "Ukinipa kwa jumla nitachukua, lakini punguza. Hiki si kitu cha kuuzwa bei kubwa siku hizi, vijana hawataki."

Akinamama wakatazamana. Mzee Kondo akauliza, "Wewe Mnyamwezi?" Nikashangaa kidogo, nikasema ndiyo, umejuaje? Akasema lafudhi. Basi pale benchini mtu akacheka, halafu mwingine, kicheko kikasambaa, wazee wakajilegeza. (Nilikuja kuelewa baadaye. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mtu mwingine angevifanya angetolewa na fimbo. Kwa hiyo walinichukulia mtani aliyekuja kuchangamsha matanga, tena mtani hodari, aliyejifanya mchuuzi.) Mimi nikaona biashara imechangamka. Mzee Kondo akasema, "Bei kamuulize mwenyewe, amelala kule kwenye mikorosho." Watu wakacheka zaidi. Nikacheka nao. Nikasema, "Mwamsheni basi, mteja hasubirishwi." Wakacheka mpaka mmoja akajifuta macho, na mimi nikawa najisifu moyoni kwamba kumbe nina kipaji.

Mtu akichekewa huzidi. Nikavuta kitabu kimoja, hadithi ya upelelezi ya zamani, nikakifungua, nikakuta mistari imepigwa kwa kalamu nyekundu kila ukurasa. Nikawainulia juu wote wakione. "Tazameni uharibifu huu. Mtu mwenye akili timamu anachora kitabu hivi? Huyu alikuwa anasoma au anasahihisha mtihani?" Kicheko hakikuja kama mwanzo. Mama mmoja mzee, mnene, mwenye khanga nyeusi, akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa anachora maneno yaliyomfurahisha." Nikamjibu, tena bila kumtazama, "Basi alifurahishwa na kila kitu."

Mama yule alikuwa Bi Tatu, dada yake marehemu wa tumbo moja.

"Mnyamwezi wa wapi?" akauliza.

"Tabora. Urambo."

Sasa nisikilizeni. Hata kile kicheko kilichobaki kilikatika. Nilisikia kuku akiparua nyuma ya nyumba. Mzee Kondo akasimama, kisha akakaa tena. Bi Tatu akanyanyuka kwenye mkeka, na si mtu wa kunyanyuka haraka, akaja akasimama mbele yangu, akanishika kidevu akanigeuza uso upande huu na upande ule. Nikajua ndiyo tabia za wauzaji wa huku, nikatulia. Akaniuliza una umri gani, nikamwambia. Akageukia benchi akasema, "Na hakugusa kitu kingine. Alivyofika tu, kwenye santuri."

Kutoka dirishani kwenye ile nyumba, nyuma ya pazia, ikatoka sauti ya mwanamke mzee. "Tatu. Muulizeni mama yake hajambo?"

Nami ni mtu niliyelelewa, nikiulizwa hali ya mama yangu najibu. "Hajambo kabisa, Bi Mkubwa, yupo Urambo, anasumbuliwa na magoti tu." Pazia likatikisika. Ndani nikasikia mtu anasema alhamdulillahi, anarudia, anarudia, na kila akirudia sauti inazidi kulowa. Nikawaza, watu wa huku wana upendo jamani, magoti ya mama yangu yanawaliza.

Halafu mambo yakaenda kasi. Bi Tatu akachukua koti kwenye mkeka, koti zito la kijivu, akanivisha. Nikajua ni mbinu ya biashara, unavishwa kitu usichokitaka mpaka uone haya kukivua. "Mama, koti sihitaji," nikasema, "mimi nataka santuri tu." Hakunisikia, analia. Mzee Kondo akavua ile kofia ya kiua aliyokuwa ameivaa akaniwekea kichwani, ikaniingia sawasawa, na hilo la kuniingia likawafanya akinamama waanze kuimba kwa huzuni. Mtu akanipa bakora mkononi. Bi Tatu akasema, "Santuri zote ni zako, mwanangu."

"Zote?" Moyo ukaruka. "Kwa bei gani?"

"Mtoto hauziwi vya baba yake."

Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye bodaboda nikatazama watu badala ya vitu. Nikaona kanzu. Nikaona khanga nyeusi. Nikaona pembe ya turubai inachungulia nyuma ya paa, na moshi wa kuni nyingi, nikasikia masufuria, nikaona mkekani juu ya vile viatu picha kwenye fremu, mzee anacheka, amevaa koti la kijivu. Koti nililovaa.  Niliwahi kusikia mtu anasema damu imeganda nikadhani ni maneno ya vitabuni, lakini nawaambia kweli niliona baridi kwenye vidole, jua lote lile la Msimbu.

Bi Tatu akanisimulia pale pale, amenishika mikono yote miwili, maana alidhani ninalia kwa furaha. Mzee Shomari ujanani alifanya kazi ya reli Tabora, akaoa mwanamke wa Urambo, wakapata mtoto wa kiume, wakaachana vibaya, mama akaondoka na mtoto na asionekane tena. Zile santuri alizinunua pamoja na mama yule. Kabla hajafa mzee akaomba jambo moja tu, mtoto wake atafutwe apewe. Mkewe wa huku, huyu aliyekuwa nyuma ya pazia, yuko eda hatoki mbele ya wanaume wa nje, ndiye aliyesema atafutwe kweli, na ndiye aliyelipia tangazo redioni: aliye mtoto wa Shomari wa reli, Tabora, aje Msimbu siku ya arobaini.

Redio. Kila mtu alisikia lile tangazo. Ofisi nzima ililijua, Tumaini alinieleza ana kwa ana, na mimi nilitikisa kichwa.

Sauti ya dirishani ikasema, "Kama ni wewe, sema mwenyewe nisikie. Nilimwahidi mume wangu nitakusikia kabla eda haijaisha."

Sasa hapa ndipo ninapoangalia chini. Jibu lilikuwa moja, hapana, samahanini sana, mimi nina baba yangu, ni mtu wa masjala tu, nimekosea nyumba. Maneno machache tu. Na mimi sikuyasema. Macho yangu yalikwenda kwenye boksi. Niliona ganda la juu, ambalo nilikuwa nimelitafuta miaka, Kibaha, Mlandizi, Kariakoo, kila mahali, na santuri yake ndani haina mkwaruzo (nilikuwa nimewadanganya kuhusu mikwaruzo). Na akili yangu, akili ya mtu anayekwenda kanisani, ikaniambia: wamekupa wenyewe. Sikusema ndiyo, Mungu ananiona, sikusema. Nilinyamaza tu. Lakini kuna kunyamaza kunakosikika, na kule dirishani kulisikika kama ndiyo, kwa sababu bibi yule alianza kulia kwa sauti, na uani mtu akapiga kelele, "Mtoto wa mzee amekuja, mwiteni Zuhura."

Bi Zuhura akatokea kwa mbio kutoka uani, mwiko mkononi, mtandio umeshuka mabegani, machozi yameshaanza, mikono imefunguliwa. "Kaka yangu yuko wapi?" Akanifikia. Alikuwa ameshanikumbatia nusu, mwiko wenye pilau ukanigusa mgongo wa koti la baba yake, ndipo akaniona uso. Alirudi nyuma hatua kwa hatua. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

"Gaspa?" akasema. "Gaspa wa masjala?"

Na kama vile shetani alikuwa na ratiba, coaster ikatokea kwenye kona, singeli imefunguliwa mpaka mwisho, vijana wanaimba, ikasimama mbele ya nyumba. Muziki ukakatika. Wakashuka na mchele, sukari na soda wakanikuta mimi, mpenda ustaarabu, niliyewakimbia kwa sababu kelele zao haziendani na msiba, nimesimama katikati ya familia na koti la marehemu, kofia ya mdogo wake marehemu, bakora ya marehemu, na chini ya kwapa nimebana kitabu cha marehemu ambacho sikumbuki nilikibana saa ngapi. Tumaini alikuwa ameshika kreti ya soda. Akaiweka chini polepole.

"Unamfahamu?" Mzee Kondo akamuuliza Bi Zuhura.

"Ni mfanyakazi wangu."

"Sasa mbona alikuwa anaomba apunguziwe bei?"

 Mimi nikaanza kueleza, mkeka, mnada, bodaboda, turubai, maneno yanatoka kinyumenyume, navua koti huku mkono umenasa kwenye bitana. Mzee Kondo akaichukua bakora mikononi mwangu na akaishika vile mtu anavyoishika akitaka kuchapa, na sikukimbia, nilijua nastahili. Ndipo pazia likatikisika, na ile sauti ikauliza, "Zuhura. Ni yeye?"

Bi Zuhura alinitazama. Akatazama dirisha. 

"Hapana, mama," akasema. "Si yeye."

Kilio cha dirishani hakikuisha taratibu, kilikatika.

Aliyeniokoa ni Bi Tatu. Alijifuta uso kwa khanga, akasema kwa ukali, "Si amesema Mnyamwezi? Basi mtani huyo. Mtani kaja kutuibia msibani, tumemkamata, atozwe." Wazee wakashikilia hapohapo, nadhani na wao walikuwa wanatafuta pa kutokea. Mzee Kondo akashusha bakora, akanipokonya kofia yake, akatangaza faini: nipasue kuni zote za uani na nisugue masufuria yote ya pilau mpaka yang'ae, na mtu asinisaidie. Nikashukuru kama mtu aliyeachiwa huru. Mchana kutwa nimeinama na majivu na maganda ya nazi, akinamama wa Msimbu wananipitia wakiuliza, "Mteja, hili sufuria unalionaje, limekwaruzika?" na wenzangu wa ofisini wamekaa chini ya turubai wanakula wakinitazama kwa macho makubwa. Bi Zuhura alipita mara moja. Hakunisemesha, na hilo lilinisugua mimi kuliko nilivyosugua yale masufuria.

Dua ilipokwisha, watu wakijiandaa kuondoka, nilimwomba Bi Tatu ruhusa nikamtake radhi Bi Mkubwa. Akanipeleka chini ya dirisha, nikasimama pembeni, nimeinamisha kichwa, mikono inanuka majivu. Nikasema yote. Nilikosea nyumba, nilidhani ni biashara, naomba unisamehe, Bi Mkubwa.

"Hilo nimeshakusamehe," akasema. "Mtu anaweza kukosea nyumba."  "Lakini nilipokuuliza, mwanangu, ulikawia. Kwa nini ulikawia?"

Nyie, ningeweza kusema nilichanganyikiwa. Ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pazia lile lilikuwa karibu sana.

"Nilizitamani santuri," nikasema.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ungekataa palepale, nisingewahi kumwambia mume wangu, huko aliko, kwamba mtoto wake amekuja. Sasa nimeshamwambia."

 Boksi lilikuwa limerudishwa ndani, nililiona kupitia mlangoni, limewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cheupe, linamsubiri mwenyewe.

Kwenye coaster ya kurudi dereva hakufungulia muziki. Walikuwa wamekubaliana, kumbe, wanipumzishe, maana walinionea huruma, hata Tumaini alikaa kimya akitazama nje. Tukaenda hivyo, injini tu na vitu vikigongana, na katika kimya kile mimi nasikia alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi, kwa ile sauti iliyolowa. Nilivumilia mpaka tulipoiacha Kisarawe nyuma. Nikasimama nikashika viti nikaenda mpaka mbele, nikamgusa dereva bega. "Ndugu yangu," nikamwambia, "weka singeli. Na uongeze sauti."

Bi Zuhura ameshanisamehe, au niseme ameanza tena kuniagiza mafaili kwa mdomo wake badala ya kumtuma mtu. Spika za masikioni nimempa mwanangu. Redio ya ofisini naisikiliza, hata matangazo ya dawa za nguvu, vijana wanacheka wanasema Gaspa kaokoka. Mnadani bado nakwenda, siwezi kuwadanganya, lakini nimeapa sitachuchumaa kwenye mkeka wa mtu kabla sijauliza hivi vilikuwa vya nani, na wauzaji wananiona nimerukwa na akili. Bei siombi punguzo tena. Na kila nikimwona mwanamume wa rika langu ameinamia boksi la santuri, anazigeuza kwenye mwanga, huwa namsogelea namsalimia namuuliza kwao wapi. Mpaka sasa wananijibu Songea, wananijibu Kondoa, mmoja alisema Tabora nikamshika mkono mpaka akaogopa, kumbe Nzega, na baba yake yupo hai. Naendelea kuuliza.